Upambanuzi wa kina katika kamera za muda wa safari ya mwanga

Upambanuzi wa kina ni uwezo wa kamera inayopima umbali kutofautisha nyuso mbili ambazo umbali wake kutoka kwenye kamera unakaribiana. Kamera ya muda wa safari ya mwanga ni kamera inayotoa mwanga wake yenyewe, inasubiri mwanga huo urudi baada ya kugonga kitu, kisha inakadiria umbali wa kitu hicho kutokana na muda uliotumika kwenda na kurudi. Katika picha ya kawaida kila pikseli huonyesha rangi na mwangaza. Katika picha ya kamera hii kila pikseli huonyesha pia umbali. Kwenye matangazo ya simu kamera za aina hii mara nyingi huandikwa kwa herufi ToF.

Kamera hizi hutumika katika simu, roboti, viwanda, magari yanayojiendesha na vyombo vya angani. Nyingi kati ya zile za kawaida hupima umbali kwa kosa la milimita kadhaa hadi sentimita kadhaa. Kiwango hicho kinatosha kutambua mkono wa mtu au ukuta wa chumba, lakini hakitoshi kukagua kipande cha mashine chenye mikwaruzo midogo. Ndiyo maana watafiti wamehangaika kwa miaka mingi kuboresha upambanuzi huo. Karibu mbinu zote walizopata zina wazo moja: kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi mno kupimwa moja kwa moja, hugeuzwa kuwa kitu kingine kinachopimika kwa urahisi zaidi. Kila mbinu ina gharama yake, na makala hii inaeleza zote mbili.

## Kanuni ya msingi

Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Thamani hii ni kamili, haina kosa la upimaji, kwa sababu tangu mwaka 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kutumia kasi hiyo. Hewani mwanga huenda polepole kidogo tu kuliko hapo.

Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, umbali wa kitu ni nusu ya njia yote:

umbali = kasi ya mwanga × muda ÷ 2

Hesabu ni rahisi, lakini ugumu unaonekana mara tu tunapoweka tarakimu. Katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga husafiri takriban sentimita 30, ambazo ni sentimita 15 za kwenda na 15 za kurudi. Jedwali hili linaonyesha tofauti ya muda ambayo kamera inapaswa kuitambua ili iweze kutambua tofauti fulani ya umbali.

| Tofauti ya umbali | Tofauti ya muda |
|---|---|
| mita 1 | nanosekunde 6.67 |
| sentimita 15 | nanosekunde 1 |
| sentimita 1 | pikosekunde 66.7 |
| milimita 1 | pikosekunde 6.67 |
| mikromita 1 | femtosekunde 6.67 |

Pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde, na femtosekunde ni sehemu moja ya elfu ya pikosekunde. Kwa kulinganisha, saa ya ndani ya kompyuta inayofanya kazi kwa gigahezi 3 hupiga mara moja kila nanosekunde 0.33. Kama kamera ingetegemea kuhesabu mapigo ya saa kama hiyo tu, isingeweza kutofautisha vitu vilivyopishana kwa chini ya sentimita 5.

## Upambanuzi, uthabiti na usahihi

Maneno matatu huchanganywa mara kwa mara katika maelezo ya kamera hizi, hata kwenye karatasi za watengenezaji.

* Upambanuzi kwa maana finyu ni umbali mdogo kabisa kati ya nyuso mbili ambazo kamera inaweza kuziona kuwa ni mbili. Mfano ni jani la mti na ardhi iliyo chini yake, vyote vikiwa ndani ya pikseli moja.
* Uthabiti ni kiasi ambacho vipimo vya kitu kilekile hukubaliana vinaporudiwa. Kamera ikipima ukuta mara mia moja na majibu yote yakawa ndani ya milimita 2, ina uthabiti mzuri.
* Usahihi ni ukaribu wa wastani wa vipimo na umbali wa kweli. Kamera inaweza kuwa thabiti lakini si sahihi, kama mizani inayoonyesha gramu 50 zaidi kila mara.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kamera inayotoa pigo la mwanga lenye urefu wa nanosekunde 1 haiwezi kwa urahisi kutenganisha nyuso mbili zilizopishana kwa chini ya sentimita 15, kwa kuwa mwangwi wa kwanza bado haujaisha wakati wa pili unafika. Lakini kama kuna uso mmoja tu, kamera hiyohiyo inaweza kutafuta kitovu cha pigo lililorudi na kupima umbali kwa kosa la milimita chache. Katika matumizi ya kila siku "upambanuzi wa kina" humaanisha mara nyingi uthabiti huu wa kupima uso mmoja.

## Historia

Mwaka 1849 mwanafizikia Mfaransa Hippolyte Fizeau alipima kasi ya mwanga kwa kutumia gurudumu lenye meno 720. Mwanga ulipita kati ya meno, ukasafiri kutoka Suresnes hadi kwenye kioo kilichowekwa Montmartre, umbali wa takriban kilomita 8.6, kisha ukarudi. Gurudumu lilipozungushwa polepole, mwanga uliorudi ulipita kwenye upenyo uleule. Lilipofika takriban mizunguko 12.6 kwa sekunde, mwanga uliorudi ulikuta jino mahali palipokuwa na upenyo, ukazibwa. Fizeau alijua umbali na mwendo wa gurudumu, hivyo akakokotoa kasi ya mwanga. Jibu lake lilizidi thamani inayojulikana leo kwa takriban asilimia 5.

Hakuwa na saa yoyote iliyoweza kupima sehemu hizo ndogo za sekunde. Aligeuza muda kuwa mahali pa jino kwenye gurudumu, jambo ambalo jicho liliweza kuliona. Kamera nyingi za leo hufanya jambo hilohilo kwa upande wa pili: kasi ya mwanga inajulikana, kinachotafutwa ni umbali, na badala ya gurudumu kuna saketi inayowasha na kuzima mwanga mamilioni ya mara kwa sekunde.

Katika miaka ya 1940 Erik Bergstrand wa Uswidi alitengeneza kifaa kilichoitwa Geodimeter, ambacho kilipima umbali mrefu kwa mwanga uliokuwa ukipandishwa na kushushwa nguvu. Katika miaka ya 1950 Trevor Wadley wa Afrika Kusini alibuni Tellurometer, iliyotumia mawimbi ya redio kwa kanuni inayofanana. Vifaa hivi vilibadilisha kazi ya wapima ardhi, ambao kabla ya hapo walilazimika kunyoosha tepu za chuma porini kwa siku nyingi.

Vifaa hivyo vilipima nukta moja kwa wakati mmoja. Kamera zinazopima umbali katika kila pikseli zilianza kupatikana baada ya miaka ya 1990, hasa kutokana na kazi ya Rudolf Schwarte na wenzake mjini Siegen, Ujerumani, na ya Robert Lange na Peter Seitz huko Uswisi. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect ya pili, kamera ya michezo yenye pikseli 512 kwa 424 za umbali, na kuifanya teknolojia hii ifike majumbani. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliweka kipimaji cha aina hii kwenye iPad Pro na iPhone 12 Pro.

## Njia mbili za kupima

### Njia ya mapigo

Katika njia hii kamera hutoa pigo fupi la leza na kupima muda hadi mwangwi urudi. Vigunduzi vinavyotumika siku hizi vinaweza kutambua hata fotoni moja. Fotoni inapoingia huanzisha maporomoko ya elektroni ndani ya chipu, na saketi huandika wakati tukio hilo lilipotokea. Pigo hurudiwa maelfu ya mara, na nyakati zote hupangwa kwenye chati ya marudio. Mahali ambapo fotoni zimelundikana ndipo penye kitu.

### Njia ya awamu

Hapa kamera haitoi pigo moja bali mwanga unaopanda na kushuka nguvu mfululizo, kwa mfano mara milioni 20 kwa sekunde, yaani megahezi 20. Mwanga unaorudi hupanda na kushuka vilevile, lakini umechelewa. Kuchelewa huko huonekana kama tofauti ya awamu, yaani sehemu ya mzunguko ambayo wimbi limefikia, na hupimwa kwa nyuzi kutoka 0 hadi 360.

Kila pikseli huchukua sampuli nne, kila moja ikiwa imecheleweshwa robo ya mzunguko kutoka ile iliyotangulia. Awamu hupatikana kutokana na uwiano wa tofauti mbili: tofauti kati ya sampuli ya kwanza na ya tatu, na tofauti kati ya sampuli ya pili na ya nne. Kutoa huku kuna faida moja kubwa. Mwanga wa jua au wa taa, ambao umo kwa kiasi kilekile katika sampuli zote nne, hujifuta wenyewe. Hata hivyo kinachofutwa ni wastani wake tu. Fotoni za jua hufika bila mpangilio, na mtikisiko huo hubaki kwenye jibu kama kelele.

## Mbinu za kuboresha upambanuzi

### Kuongeza masafa

Katika njia ya awamu, masafa yakiongezeka kila nyuzi moja huwakilisha umbali mdogo zaidi. Kwa hiyo kosa lilelile la kusoma awamu huleta kosa dogo zaidi la umbali.

| Masafa | Umbali wa mzunguko mmoja | Umbali wa nyuzi 1 |
|---|---|---|
| megahezi 20 | mita 7.5 | sentimita 2.1 |
| megahezi 100 | mita 1.5 | milimita 4.2 |
| gigahezi 1 | sentimita 15 | milimita 0.42 |

Gharama yake inaonekana kwenye safu ya katikati. Awamu hujirudia kila mzunguko unapoisha, kama mshale wa saa ya ukutani unaoonyesha saa tatu bila kusema ni saa tatu ya asubuhi au ya usiku. Kwa megahezi 100 kitu kilicho mita 0.5, kilicho mita 2 na kilicho mita 3.5 vyote hutoa awamu ileile. Hali hii huitwa utata wa umbali. Mtengenezaji akipandisha masafa ili kupata upambanuzi, anapunguza umbali ambao kamera inaweza kuusoma bila utata.

Kuna pia kikomo cha vifaa. Pikseli za silikoni za kawaida hupoteza uwezo wa kufuata mabadiliko ya mwanga masafa yanapopanda hadi mamia ya megahezi. Tofauti kati ya sampuli hupungua, na faida ya masafa makubwa huliwa na kelele.

### Kuunganisha masafa kadhaa

Utata wa umbali huondolewa kwa kupima kitu kilekile kwa masafa mawili au zaidi. Tuseme kamera inatumia megahezi 80 na megahezi 120, na kitu kipo mita 3. Kwa megahezi 80 mzunguko mmoja ni mita 1.875, hivyo kamera husoma mita 1.125. Umbali unaowezekana ni 1.125, 3, 4.875 na kuendelea. Kwa megahezi 120 mzunguko ni mita 1.25, hivyo kamera husoma mita 0.5, na umbali unaowezekana ni 0.5, 1.75, 3, 4.25 na kuendelea. Jibu la kwanza linalopatikana katika orodha zote mbili ni mita 3.

Utata hurudi tu baada ya Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha mizunguko hiyo miwili, ambacho hapa ni mita 3.75. Masafa ya tatu, kwa mfano megahezi 16, yakiongezwa, umbali usio na utata hufika mita 18.75. Kwa njia hii masafa makubwa hutoa upambanuzi na masafa madogo huonyesha ni mzunguko wa ngapi. Kinect ya pili ilitumia masafa matatu kwa sababu hiyo.

Gharama ni muda na hatari ya kukosea mzunguko. Kelele ikiwa kubwa, kamera inaweza kuchagua jibu lisilo sahihi kwenye orodha. Hapo kosa huwa la mita nzima au zaidi badala ya milimita.

### Kukusanya fotoni nyingi

Kigunduzi cha fotoni moja kina mtikisiko wa muda, ambao mara nyingi ni makumi ya pikosekunde hadi pikosekunde mia moja hivi. Pikosekunde 100 ni sawa na sentimita 1.5 za umbali. Lakini makosa ya fotoni mojamoja hayategemeani, na yanapochukuliwa wastani hufutana. Kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni: fotoni 100 hupunguza kosa mara 10 hadi milimita 1.5, na fotoni 10,000 hulipunguza mara 100 hadi milimita 0.15.

Mfano maarufu wa kanuni hii ni upimaji wa umbali wa Mwezi. Wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15 waliacha juu ya Mwezi vioo vya kurudisha mwanga kule ulikotoka. Darubini duniani hutuma mapigo ya leza, na baada ya takriban sekunde 2.5 hurudi fotoni chache sana, pengine moja au hata kutorudi kabisa. Kwa kukusanya maelfu ya fotoni hizo, kituo cha Apache Point huko New Mexico, Marekani, hupima umbali wa takriban kilomita 385,000 kwa uthabiti wa milimita. Ni kwa vipimo vya aina hii inajulikana kwamba Mwezi unajitenga na Dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Sheria ya kipeuo cha pili ni sheria ghali. Ili kupata uthabiti mara mbili zaidi inahitajika mwanga mara nne zaidi au muda mara nne zaidi. Kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde ikichukua wastani wa picha 100, hupunguza kelele mara 10, lakini hutumia zaidi ya sekunde 3. Kwa ukuta hilo si tatizo. Kwa mtoto anayekimbia mbele ya gari ni muda mrefu mno.

Njia ya fotoni moja ina tatizo jingine. Baada ya kunasa fotoni, kigunduzi huhitaji makumi ya nanosekunde kabla ya kuwa tayari tena. Mwanga ukiwa mwingi, fotoni za mbele ya mwangwi hunaswa na zinazofuata hupotea. Matokeo yake kitu huonekana karibu zaidi kuliko kilivyo, na wastani hauwezi kurekebisha kosa hilo kwa sababu daima huelekea upande mmoja.

### Kubadilisha masafa ya leza yenyewe

Katika mbinu hii nguvu ya mwanga haibadilishwi. Yanayobadilishwa ni masafa ya wimbi la leza, ambayo hupandishwa taratibu. Mwanga uliorudi huchanganywa na mwanga unaotoka wakati huo. Kwa kuwa uliorudi ulitoka mapema, masafa yake ni madogo kidogo, na mchanganyiko hutoa mdundo ambao kasi yake huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali.

Hapa upambanuzi kwa maana yake finyu hutegemea upana wa masafa yaliyopitiwa: kasi ya mwanga ikigawanywa kwa mara mbili ya upana huo. Upana wa gigahezi 1 hutoa sentimita 15, na upana wa gigahezi 150 hutoa milimita 1. Faida nyingine ni kwamba mwanga wa jua hauchanganyiki vizuri na leza, hivyo husumbua kidogo tu. Gharama ni leza yenye masafa yanayodhibitiwa kwa umakini mkubwa.

### Kutumia mdundo katika masafa ya gigahezi

Mwaka 2017 Achuta Kadambi na Ramesh Raskar wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, walichapisha njia ya kutumia masafa ya gigahezi bila kuhitaji kigunduzi chenye kasi ya gigahezi. Wazo lao linafanana na jambo ambalo mpiga gitaa hulijua. Nyuzi mbili za gitaa zikiwa karibu kulingana lakini si sawasawa, mtu husikia sauti ikipanda na kushuka polepole. Kadiri nyuzi zinavyokaribia kulingana, ndivyo kupanda na kushuka huko kunavyokuwa kwa polepole zaidi.

Vivyo hivyo, mwanga unaopanda na kushuka mara bilioni 1 kwa sekunde ukirudi na kupitishwa kwenye kifaa kinachobadilisha nguvu yake mara 999,999,999 kwa sekunde, hutokea mdundo wa mara 1 kwa sekunde. Mdundo huo unaweza kunaswa na kamera ya video ya kawaida. Jambo la muhimu ni kwamba awamu haipotei katika mabadiliko hayo: wimbi la haraka likichelewa robo ya mzunguko, mdundo wa polepole nao huchelewa robo ya mzunguko. Kwa hiyo upambanuzi ni wa wimbi la gigahezi, lakini upimaji ni wa kasi ya chini.

Kwa umbali wa mita 2 watafiti hao waliripoti upambanuzi wa mikromita 3, wakati mifumo ya kawaida ya umbali huo ilikuwa na takriban sentimita 1. Walipitisha pia mwanga kwenye nyuzi za kioo zenye urefu wa mita 500, pamoja na vichujio vya kuupunguza nguvu, ili kuiga safari ndefu. Matokeo yalionyesha kwamba kwa umbali wa mita 500 mfumo huo bado ungeweza kufikia sentimita 1. Haya yalikuwa majaribio ya maabara, na vifaa vyake vilikuwa tofauti sana na kamera ndogo inayoingia kwenye simu.

## Makosa yasiyoondoka kwa wastani

Kelele hupungua kwa kuongeza fotoni. Lakini kuna makosa ambayo hubaki yaleyale hata kamera ikipima siku nzima.

Njia nyingi za mwanga. Kwenye kona ya chumba sehemu ya mwanga hugonga ukuta mmoja, hurukia wa pili, kisha hurudi kwenye kamera. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya moja kwa moja. Pikseli hupokea mchanganyiko wa zote mbili na kutoa jibu la kati, hivyo kona yenye pembe mraba huonekana kama imepinda. Ukungu, moshi na vitu vinavyopitisha mwanga huleta tatizo hilohilo. Masafa makubwa husaidia hapa. Mwaka 2015 Mohit Gupta na wenzake walionyesha kwamba masafa yakiwa makubwa vya kutosha, mwanga uliopitia njia nyingi zenye urefu mbalimbali hufika kwa awamu zilizotawanyika na kufutana, na unaobaki ni ule wa moja kwa moja. Hii ni sababu mojawapo ya mbinu za gigahezi kufikiriwa kwa magari yanayopita kwenye ukungu.

Pikseli za ukingoni. Pikseli inayoangukia ukingo wa kitu hupokea mwanga wa kitu chenyewe na wa kile kilicho nyuma yake. Umbali unaotolewa huwa katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Programu nyingi hutambua pikseli hizi na kuzifuta.

Umbo la wimbi. Hesabu ya sampuli nne huchukulia kwamba nguvu ya mwanga hupanda na kushuka kwa mkunjo laini. Taa halisi hutoa wimbi lenye umbo tofauti kidogo, na kosa la umbali hupanda na kushuka kadiri kitu kinavyosogea. Hurekebishwa kiwandani kwa kulinganisha vipimo na umbali unaojulikana na kuhifadhi jedwali la masahihisho ndani ya kamera.

Joto. Saketi na leza hubadilisha ucheleweshaji wake zinapopata joto. Kwa sababu hiyo kamera za viwandani huachwa zipate joto la kawaida kabla ya kutumika. Vifaa vingine huwa na kigunduzi cha ndani kinachopokea mwanga moja kwa moja kutoka kwenye taa, ili kupima ucheleweshaji huo wakati wote.

Mwendo. Sampuli nne za awamu huchukuliwa moja baada ya nyingine. Kitu kikisogea katikati, sampuli hazilingani tena na ukingo wake hupata umbali usio wa kweli.

## Mwanga wa jua na usalama wa macho

Jibu la haraka kwa tatizo la kelele lingekuwa kuongeza nguvu ya leza. Kinachozuia ni jicho la binadamu. Mwanga wa infraredi unaotumika hauonekani, kwa hiyo mtu hapepesi macho unapomwingia, na nguvu yake inawekewa mipaka na kiwango cha kimataifa IEC 60825-1.

Wabunifu hutafuta nafuu upande wa pili, yaani kupunguza mwanga usiotakiwa. Kichujio chembamba mbele ya kigunduzi hupitisha rangi ya leza pekee. Kamera nyingi hutumia urefu wa wimbi wa nanomita 940, kwa kuwa mvuke wa maji angani hunyonya sehemu ya mwanga wa jua wa eneo hilo. Hata hapa kuna bei: silikoni huhisi nanomita 940 kwa udhaifu kuliko nanomita 850, hivyo sehemu ya faida hupotea.

## Matumizi

Hakuna mfumo mmoja unaofaa kwa kazi zote, na uchaguzi wa mbinu hutegemea kinachohitajika zaidi.

* Simu na michezo huhitaji umeme mdogo na umbali wa mita chache. Kosa la sentimita moja huvumilika.
* Magari huhitaji umbali mrefu, kasi na uwezo wa kufanya kazi juani na kwenye ukungu. Kujua kwa hakika kwamba kuna mtu mita 80 mbele ni muhimu kuliko kupima umbali huo kwa milimita.
* Viwanda huhitaji milimita au chini yake, lakini kitu huwa karibu na mara nyingi kimetulia, kwa hiyo wastani wa picha nyingi unawezekana.
* Uchunguzi wa Dunia hutumia leza kutoka angani. Setilaiti ICESat-2 ya NASA, iliyorushwa mwezi Septemba 2018, huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 500, hutoa mapigo 10,000 kwa sekunde na huhesabu fotoni mojamoja zinazorudi ili kupima kimo cha barafu na misitu.

Kwa hiyo takwimu moja ya upambanuzi kwenye maelezo ya kamera haitoshi. Msomaji anapaswa kuuliza ilipimwa kwa umbali gani, kwa muda gani, kwenye uso wa rangi gani na chini ya mwanga gani. Kamera inayofikia milimita 1 kwenye ukuta mweupe ndani ya chumba chenye giza inaweza kukosea kwa sentimita kadhaa kwenye kitambaa cheusi adhuhuri.

## Tazama pia

* Kasi ya mwanga
* Leza
* Fotoni
* Infraredi
* Rada
* Upimaji ardhi